Jina la Obadiah Threlby

Harrow Bridge, Massachusetts
12 Januari 1958

Mwanangu Adeline,

Pokea salamu za shangazi yako, kisha umpe Giles zake, na umbusu Nell mwenye meno mapya. Huku theluji imefika kwenye vitasa vya milango. Goti langu la kulia limekataa ngazi kabisa, basi nimehamishia kitanda sebuleni, nalala katikati ya karatasi kama mwanafunzi wa siku za mtihani. Mzee Prouty wa kanisani alifariki wiki ya Krismasi. Mkewe anasema kilichomuua ni ukaidi: alikataa kuvaa kofia.

Sasa jambo lenyewe. Kitabu cha ukoo kimefika ukurasa wa mia na arobaini. Mwezi wa Agosti ukoo mzima utakutana hapa, watu sitini au zaidi, na siku hiyo tutasimamisha jiwe jipya juu ya kaburi la Obadiah Threlby, babu yetu wa kwanza katika nchi hii. Maneno ya jiwe nimeshayaandika: "Mwana wa Scarnby, Uingereza, aliyeiacha nyumba ya baba yake mwaka 1684 kwa ajili ya imani."

Ninachokosa ni kimoja tu, nakala ya ubatizo wake yenye sahihi ya kasisi wa huko. Hebu tazama mambo ya Mungu: katika vijiji vyote vya Uingereza, mumeo daktari wa mifugo amepata kazi maili kumi na mbili kutoka Scarnby! Nenda mwanangu. Kama baba yako Warren angekuwa hai, angekwenda kwa miguu.

Shangazi yako,
Eunice Threlby


Kirk Alding, Lincolnshire
9 Februari 1958

Shangazi mpendwa,

Tumefurahi kusikia kwamba u mzima, ila goti limetutia huruma. Giles anasema ungekuwa farasi wake angekupaka dawa na kukukataza kufanya kazi, lakini kwa kuwa ni wewe, hathubutu. Nell ana meno sita na anamng'ata kila mgeni.

Nimefika Scarnby. Kanisa ni dogo, lina unyevu, na kasisi wake, Bwana Pell, ni mzee mwema asiyesikia vizuri. Alinifungulia sanduku la madaftari, tukamkuta Obadiah wako: amebatizwa Mei 1661, mwana wa Josias na Agnes Threlby. Nakala nitaletewa kasisi akishapata wino mzuri.

Lakini kuna habari kubwa kuliko hiyo. Threlby bado wapo! Wamebaki wawili, Mzee Amos na dada yake Keziah, hawakuoa wala kuolewa, wanafuga mabata bukini na wanagombana tangu asubuhi. Wametokana na mdogo wake Obadiah. Habari kwamba mmoja wao alihamia Amerika waliipata kwa barua aliyoiandika babu yako miaka sitini iliyopita. Bado wanayo, imewekwa kwenye fremu. Mzee Amos alinishika mabega akanitazama, akasema, "Keziah, njoo uone. Pua ni ileile ya baba." Keziah akajibu, "Maskini mtoto wa watu, usimwambie." Walinilisha hadi nikashindwa kusimama. Wananiita binamu. Wametaka niende kila Jumapili.

Nami nitakwenda, Shangazi. Sijui kwa nini nilikaribia kulia.

Wako,
Adeline


Harrow Bridge
2 Machi 1958

Mwanangu,

Barua yako nimewasomea akina mama wote wa kanisani, hata wasiotaka kusikia. Pua! Nimekwenda kwenye kioo. Theluji inaanza kuyeyuka, na Harlan, binamu yetu wa pale kwenye mashine ya kupasua mbao, amejitolea kupaka rangi uzio wa makaburi kabla ya mkutano.

Nakutumia kurasa za mwisho za kitabu ili unisahihishie makosa ya chapa. Siyaamini tena macho yangu.

Kuhusu madaftari, ubatizo unatosha. Usimchoshe kasisi kwa kufukua daftari la mazishi na makaratasi mengine. Huko huna unachokitafuta. Obadiah wetu amezikwa hapa, kaburi lake nalipalilia kwa mikono yangu. Chukua nakala, umshukuru kasisi, uitume.

Shangazi yako


Kirk Alding
20 Aprili 1958

Shangazi,

Natumaini goti linaendelea vizuri. Sisi tuko salama. Nell alipata mafua, amepona.

Nakala haijawa tayari.

Kurasa nimezisoma. Makosa ya chapa ni machache. Nina swali kuhusu ukurasa wa 131. Umeandika: "Warren Threlby, 1897–1941, alimzaa Adeline." Shangazi, baba yangu hakunizaa peke yake.

Adeline


Harrow Bridge
11 Mei 1958

Adeline,

Miezi minne naulizia karatasi moja, unanijibu kwa mistari saba! Jiwe limeshaagizwa. Mchongaji anauliza kama achonge, na Harlan ananiuliza kila Jumapili, "Ubatizo umefika?" mbele za watu. Nimwambie nini?

Kuhusu ukurasa wa 131, kitabu hiki ni cha wenye damu ya Threlby. Nafasi ni ndogo, na mambo ya mama yako unayajua: alilelewa kwenye nyumba ya watoto waliookotwa, hana kumbukumbu za kuandikwa. Siwezi kuweka pengo ndani ya kitabu. Simsemi vibaya. Nasikia yu mzima; namwona akipita daraja asubuhi kuja kupika kwenye shule ya upande huu.

Tuma nakala.

Shangazi yako


Kirk Alding
8 Juni 1958

Shangazi,

Salamu nitakupa mwishoni, kama utakuwa unazitaka bado.

Nakala ninayo tangu mwezi wa Machi. Imekaa kwenye kabati chini ya mashuka. Sikuituma kwa sababu ulinikataza kuangalia daftari la mazishi. Usingenikataza, nisingefunua. Nilijiuliza tu, Shangazi anaogopa nini? Nikarudi kwa Bwana Pell.

Obadiah Threlby, mwana wa Josias na Agnes, alizikwa Scarnby tarehe 3 Oktoba 1684. Katika kitabu chako, Desemba ya mwaka huohuo anashuka melini huko Amerika.

Kando ya jina lake kumeshonwa karatasi ya maelezo yaliyotolewa kwa kiapo mbele ya hakimu. Bwana Pell alinisaidia kuisoma, siku mbili nzima, maana mwandiko ni wa zamani. Aliyeapa ni mama yake, mjane Agnes. Alisema mwanawe alikuwa ameshalipia safari ya Amerika, akaondoka nyumbani na sanduku la vitu vyake, barua ya mchungaji ya kumtambulisha huko aendako, na kibarua wao wa shamba, Tobias Crake, wa kumbebea sanduku hadi bandarini. Bandarini Obadiah akashikwa na homa. Crake akamlaza darini juu ya zizi la farasi, akamvua koti, akachukua sanduku na barua, akafunga mlango kwa nje, akapanda meli. Watu wa bandarini walisema alipoulizwa jina alijibu ni Obadiah Threlby.

Mwanamke wa zizini alisikia kugonga siku ya tatu. Wakamrudisha Obadiah nyumbani kwa mkokoteni. Aliishi siku nane, ndipo akasimulia haya. Mwisho wa karatasi Agnes anasema atamwandikia huyo mtu, kwa meli itakayofuata.

Basi ndiye huyo. Si mwana wa Scarnby wala hakukimbia kwa ajili ya imani. Sisi ni uzao wa Tobias Crake, na jina hili alimvua mgonjwa pamoja na koti.

Sasa sikiliza aibu yangu. Tangu Machi nimekwenda kwa Amos na Keziah kila Jumapili. Nakula chakula chao. Nell anamwita Amos babu. Keziah amemfumia sweta la sufu. Kila wakisema "binamu" natabasamu, na nikirudi nyumbani siwezi kumtazama Giles. Nimeshindwa kusema. Nimependa mno kuwa mtu wao.

Na ya pili ni mbaya zaidi. Bwana Pell aliposoma jina la Crake kwa mara ya kwanza, kabla sijamhurumia yule aliyefungiwa darini, nilifurahi. Nilikuwaza wewe. Niliwaza kitabu chako, chenye majina ya wake wa akina Threlby wote, hata yule mlevi wa ukurasa wa 128, isipokuwa mama yangu. Niliwaza siku ya harusi yao, uliposimama mbele ya wageni ukamwuliza baba, "Mtu asiyejua ametoka wapi atatuletea nini?" Mama amenisimulia mara moja tu, akiwa anamenya viazi, wala hakuinua uso. Kwa hiyo nilicheka, Shangazi. Nilicheka kanisani, juu ya karatasi ya mama aliyefiwa na mwanawe.

Nakala nimeiambatisha. Na ile ya mazishi pia. Chonga unachotaka.

Adeline


Harrow Bridge
29 Juni 1958

Adeline mwanangu,

Barua yako imekaa mezani siku kumi na moja. Nimeanza kukujibu mara nyingi, kila mara najikuta naandika habari za hali ya hewa.

Nilijua.

Sikulijua jina la Crake, wala habari ya zizi na homa. Lakini nilijua kwamba sisi si Threlby, na nimelijua hilo miaka thelathini na sita. Mwaka 1922, Jumamosi moja mchana, nilikuwa nabandua jalada la Biblia ya ukoo ili nimpelekee mshonaji vitabu. Ndani ya ngozi kulikuwa na barua iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa imeandikiwa "Mtu anayejiita kwa jina la mwanangu." Chini yake, Agnes.

Unaona, mwanangu? Aliandika kweli. Na barua ilifika. Na yule mtu akaificha ndani ya Biblia, akaishi nayo humo miaka yote hiyo, akawasomea watoto wake zaburi juu yake.

Nilikuwa mwalimu mwenye umri wa miaka thelathini. Baba alikuwa mgonjwa, na jina hili ndilo alilobaki nalo, shamba lilishakwenda. Nilifungua jiko nikaitia barua motoni. Nilisimama hadi ikawa majivu, kisha nikaenda kumpa baba uji wake. Mengi niliyoyasoma nimeyasahau, au nimejisahaulisha. Sentensi moja imekataa kutoka. Iliandikwa hivi: "Vitu vyake sikudai. Niambie neno moja tu: ulipokuwa unafunga mlango, aliomba maji?"

Miaka miwili baadaye nikasimama kwenye harusi ya ndugu yangu nikasema maneno yale kwa mama yako. Huenda ulidhani niliyasema kwa kiburi. Laiti ingekuwa kiburi. Nilikuwa najua hakuna mtu katika chumba kile aliyejua ametoka wapi, nami kuliko wote, na nilimtafuta mmoja wa kumvisha aibu hiyo ili isikae juu yangu. Yeye alikuwa na miaka ishirini, na kofia ya kuazima.

Nimeishi na hayo. Hata kuandika kitabu, nadhani, kulikuwa kama kuweka mawe juu ya shimo.

Umesema ulifurahi. Hiyo furaha ilikuwa haki yako, ila naona haikukukaa vizuri, na kwa hilo nakuheshimu. Sasa nakuomba jambo ambalo sina uso wa kuliomba. Waambie wale wazee. Waambie na ya jiko. Usinifunike.

Eunice


Kirk Alding
27 Julai 1958

Shangazi,

Tuko wazima. Natumaini na wewe u mzima. Mara hii nauliza kwa moyo.

Nimewaambia. Nilikwenda peke yangu, nikamwacha Nell kwa Giles. Nilisimulia yote nikiwa nimesimama karibu na mlango, kwa sababu Keziah aliponiambia niketi nilimwomba angoje kwanza.

Nilipomaliza Mzee Amos alisugua goti lake. Halafu akauliza kama anavyouliza mtoto:

"Huyo mama, aliandika?"

"Aliandika."

"Ilifika?"

"Ilifika."

"Jamaa akajibu nini?"

"Hakujibu. Lakini aliitunza."

"Aliitunza!" Keziah akasema. "Bora angeitupa. Mtu anayetunza kitu cha namna hiyo amekisoma akakielewa." Kisha akanigeukia. "Na shangazi yako, huyo mwalimu, ndiye aliyeichoma?"

"Ndiye."

"Ajabu hii. Barua ya Agnes imekaa salama kwa mwizi na wanawe miaka mia mbili na arobaini, ikaja kuungulia kwa mwalimu."

Amos akasema, "Inatosha, Keziah." Keziah akasema, "Mimi ndiyo kwanza naanza," kisha akalia. Sikuwahi kumwona akilia, na Amos pia naona hakuwahi, maana alibaki anamtazama kwa hofu. Niliwaambia ile sentensi ya maji. Amos aliniomba nimwandikie kwenye karatasi. Nikaiandika. Aliisoma akaikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

Wakati wa kuondoka alinisindikiza hadi langoni. Nilimwuliza kama nirudi Jumapili. Akasema, "Ngoja kwanza. Tutakutumia neno." Kisha akasema, "Kwa heri, Bi Whitcombe." Hilo ndilo jina la mume wangu, ni jina halali, lakini lilinichoma kama kofi.

Jumapili mbili zimepita. Nell anamwulizia babu yake.

Adeline


Harrow Bridge
31 Agosti 1958

Adeline mwanangu,

Nakusalimu wewe na Giles, na mtoto wenu. Huku joto limepungua, tufaha zimeanza kuanguka, na mimi naenda kwa fimbo mbili badala ya moja.

Mkutano ulikuwa tarehe kumi na sita. Walikuja sitini na wanne. Jiwe nililizuia lisichongwe tangu mwezi wa Juni, sikumweleza mtu sababu. Baada ya sala nikasimama nikawasomea nakala zako mbili, kisha nikawaeleza niliyoyafanya jikoni mwaka 1922. Nilisoma kwa sauti ya darasani ili hata walioketi nyuma wasikie.

Harlan alinijia, akanishika kiwiko. "Eunice, jua limekupiga. Twende kivulini."

"Kichwa changu kiko sawa, Harlan."

"Basi mbona unatufanyia hivi? Nani angekwenda huko kuangalia?"

"Adeline alikwenda."

"Adeline ni wa kwetu! Angenyamaza!"

Nikamwambia, "Hivyo ndivyo tulivyofika hapa, kwa watu wa kwetu kunyamaza." Wengine walicheka, kile kicheko cha kuona haya. Mke wa Harlan alikusanya sahani zake kabla watu hawajamaliza kula. Kufika saa tisa tulibaki kumi na wawili, na mmoja wao alikuwa amelala. Wawili wameniandikia tangu siku ile, mmoja kunilaani, mwingine kuniuliza kama Crake walikuwa na nembo ya ukoo.

Lakini si hilo nililokusudia kukueleza. Siku ya pili yake, Jumapili, baada ya ibada nilivuka daraja. Katika miaka thelathini na minne sikuwahi kuingia mtaa ule. Ilinibidi kumwuliza mtu nyumba ya mama yako, na yule mtu alinitazama juu hadi chini kabla hajanionyesha.

Alifungua mlango, akaniona na fimbo zangu. Hakushangaa, au aliuficha mshangao. Alikuwa anapiga pasi. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kama ulivyofanya wewe kule. Nilipofika kwenye harusi nilisema maneno yangu kama nilivyoyasema siku ile, bila kuyalainisha. Aliendelea na pasi. Nilipomaliza akaiweka kando.

"Warren alijua?" akauliza.

"Hakujua. Sikumwambia mtu."

"Vizuri. Angeumia." Kisha akasema, "Miaka yote hii nalitumia jina hilo kwa adabu, Eunice, kama sahani ya wenyewe. Kumbe hata ninyi mmelikwapua."

Alilikunja shati alilokuwa amelipiga pasi.

"Sasa umekuja kuniomba nini?"

"Sijui," nikasema. Na nilikuwa sijui, Adeline. Nilivuka daraja bila kujua.

"Basi keti mpaka ujue."

Nikaketi. Alinyoosha mashati manne na kitambaa cha meza. Hakunipa chai wala hakunifukuza. Nilimwangalia mikono, nikaona jinsi inavyofanana na yako. Mwishowe nikasema, "Kitabu sitakichapa kama kilivyokuwa. Nakiandika upya, kuanzia kwenye zizi. Naomba ruhusa yako nikuandike ndani yake, kwenye ukurasa wa Warren."

"Utaniandika kwa jina gani? Nililozaliwa nalo silijui. Na mlilonipa si lenu."

Nilisema nitaandika Charlotte tu, jina lake bila la ukoo, kama hatakataa. Alichukua shati jingine, akalitandaza ubaoni, akalipapasa mikunjo kwa kiganja.

"Hilo ni langu," akasema. "Hilo liandike."

Shangazi yako,
Eunice